Kufuga mbwa Mikindani, mji usio na mageti

Dar kufuga mbwa ni mambo mepesi tu, unapiga ukuta, unaweka geti, unaandika MBWA MKALI kwa rangi nyekundu hata kama mbwa mwenyewe anakimbia paka, imeisha hiyo, jirani anaweza kukaa miaka hajui hata mbwa wako ana rangi gani. Mikindani hakuna kitu kama hicho. Mimi nakaa mjini kwenyewe, zile nyumba za zamani chini ya kilima, ukifungua mlango mguu unakanyaga njia ya watu, baraza yako ndo kijiwe cha mtaa mzima, ukuta wako wa kushoto ndo ukuta wa kulia wa mwenzio, ukikohoa usiku asubuhi unaulizwa vipi umeamkaje. Sasa kwenye mji wa hivyo mbwa unamweka wapi? Kuna jamaa zangu wawili watatu wanataka kuhamia huku na mbwa wao wananiuliza kila siku, nimechoka kujibu kwa sauti za simu, naandika mara moja.

Kwa wasiopajua, Mikindani ipo kama kilometa 10 kutoka Mtwara mjini ukiwa unaelekea Lindi, barabara inakata kona pembeni ya ghuba halafu unaanza kuona nyumba za mawe, zingine nzima, zingine zina ghorofa na vibaraza vya mbao juu, zingine zimebaki kuta tupu na mti umeota katikati. Zamani hapa ndo palikuwa mji, Mtwara hata haikuwepo kwenye hesabu. Misafara ilikuwa inashuka kutoka bara na pembe na watumwa, Waarabu na Wahindi wana maduka, majahazi yamejaa, Wajerumani nao wakaja wakajenga boma lao mwaka 1895, lile jeupe ambalo sasa hivi ni hoteli. Halafu baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza wakaja na ule mradi wao wa karanga, wakataka bandari yenye kina, wakaijenga Mtwara, maofisi na biashara vikahamia huko. Karanga zikafeli, bandari ikabaki Mtwara, magofu yakabaki Mikindani. Ndo maana na mimi wa kipato changu nimepata nyumba ya mawe ya kupanga, kuta nene kiasi kwamba mchana wa Januari ndani unavaa shati bila kulalamika.

Mbwa wangu anaitwa Salfa. Nilimchukua kwa shangazi Masasi msimu ule wa kupulizia mikorosho, alikuwa kitoto cha njano, na kwa kuwa siku hiyo kila kitu pale nyumbani kilikuwa na vumbi la salfa kuanzia nguo mpaka kuku, jina likajileta lenyewe. Masasi kwetu mbwa hana maelezo mengi. Babu alikuwa nao wa kuwindia ndezi, wanalala jikoni nje, wanakula ukoko wa ugali, wakiumwa wanapona au hawaponi. Nilikua hivyo, kwahiyo nilipompigia simu bibi mwenye nyumba nikamwambia nakuja na mbwa nilikuwa natoa taarifa tu, siombi kitu. Simu ikawa kimya.

"Mjukuu wangu, mbwa wa nini?"

"Wa kulinda bibi."

"Kulinda nini? Una nini wewe?"

Swali la haki kabisa, maana nilikuwa na godoro, jiko la gesi na kompyuta moja ya kazi. Bibi anakaa nyumba ya pili, ni mtu wa dini na ni mtu wa akili, hakukataa. Akanieleza kitu ambacho watu wengi wa bara hawakijui, wanadhani Waislamu wa pwani wanachukia mbwa basi. Akasema dini haijamkataa mbwa, imeyakataa mate yake. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo, wa shamba, hao wameruhusiwa, hata wale vijana wa pangoni kwenye sura ya Al-Kahf walikuwa na mbwa wao amejinyoosha mlangoni, lakini ona, akasema, mlangoni. Hakuingia ndani. Chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba na moja wapo kwa udongo, na mbwa akiwa amelowa akakugusa, au wewe umelowa ukamgusa, hapo kwa madhehebu yetu sisi Washafii una kazi ya kujisafisha kabla hujaswali. "Kwahiyo mlete, ila ndani ya nyumba yangu hapiti."

Sawa. Ila hizi nyumba zimejengwa na watu ambao mbwa hakuwemo kichwani kabisa. Ua upo, upo nyuma, mzuri, una kisima kilichofukiwa na mpapai, ila njia ya kwenda uani ni moja tu, inapita ukumbini katikati ya nyumba. Hakuna mlango wa nyuma kwa sababu nyuma yetu kuna mgongo wa nyumba nyingine. Kwahiyo mbwa wa uani lazima apite ndani, na ndani hapiti. Nikakaa barazani natafakari na kitoto cha mbwa kwenye boksi la sabuni, na watu wanapita wanasalimia, wanachungulia kwenye boksi, wanasema "mwee!" wanaendelea na safari.

Jibu lilitoka kwa kijana muuza pweza wa pale jioni, yeye akanyoosha kidole tu upande wa pili wa uchochoro. Gofu. Mkabala na mlango wangu kuna gofu la nyumba ya ghorofa, paa lilishaanguka zamani, zimebaki kuta nne, tundu za boriti za mikoko zinaonekana juu, fremu ya mlango ipo ila mlango wenyewe watu walishaubeba, na ndani kuna mwarobaini mkubwa unatoa kivuli cha maana. Hakuna mpangaji, hakuna anayeswali humo, hakuna ukumbi.

Ila sasa usidhani gofu halina mwenyewe. Hakuna gofu Mikindani lisilo na mwenyewe, lina wenyewe kumi na tano, mmoja yupo Dar, mmoja Tanga, wawili wapo Oman, mwingine amefariki ana watoto, mirathi haijaisha tangu enzi hizo ndo maana paa lilianguka wakiwa wanasubiriana. Bibi mwenye nyumba akanipa namba ya mmoja, yule akaniambia yeye peke yake hawezi kuamua muulize dada yake, dada yake akacheka sana kwenye simu mpaka nikasikia anamwambia mtu pembeni "kuna mtu anataka kupanga gofu la babu kwa ajili ya mbwa". Nikapewa kwa masharti: nifagie, nikate majani, nisiruhusu watu wachimbue mawe, na nisije siku moja nikasema ni pangu. Bei hawakutaja. Mwisho wa mwaka huwa natuma kilo kadhaa za korosho kwa basi, na nadhani mimi ndo mpangaji pekee anayewaunganisha wale ndugu maana wanapigiana simu kuulizana korosho zimefika.

Basi Salfa ana nyumba yenye kuta za matumbawe nene kuliko mbwa yeyote mkoa huu. Watalii wakipita wanapiga picha gofu, wakitazama vizuri wanaona masikio mawili juu ya dirisha.

Kazi iliyobaki ikawa ratiba, na hapa nawaambia ndugu zangu mnaotaka kuja, hili ndo jambo lenyewe, msipoliweza hili rudini Dar kwenye mageti yenu. Uchochoro wetu upana wake watu wawili wakipishana mmoja anageuza bega. Ndo njia ya kwenda msikitini. Sasa mzee ametoka kwake, ameshatawadha, miguu ina maji, kanzu nyeupe, anakutana na mbwa katoka baharini analowa chapachapa, na mbwa akilowa anajikung'uta, huwezi kumwambia ngoja kwanza. Huyo mzee itabidi arudi nyumbani akajisafishe na rakaa ya kwanza imempita. Hajakutukana, ila wewe unajisikiaje? Kwahiyo sisi tunatoka kwa kufuata vitu viwili, swala na maji ya bahari. Asubuhi tunatoka watu wakiwa wamesharudi kutoka msikitini, jioni tunarudi kabla ya magharibi au tunangoja mpaka uchochoro utulie, Ijumaa mchana hatutoki kabisa. Na baharini tunaenda maji yakiwa yamekupwa, maana ghuba yetu maji yakitoka yanatoka kwelikweli, unabaki uwanja wa tope na mawe na mikoko pembeni, kinamama wanaokota chaza na vijana wanachokonoa pweza kwenye mashimo, Salfa anafukuza kaa. Akitoka hapo namwagia maji baridi kwenye bomba lililopo njiani, namfuta kwa gunia, namshikilia kamba mpaka akauke, ndo tunaingia mtaani. Mbwa mkavu hana kesi. Masika sasa ndo balaa, kila kitu kimelowa, mbwa kalowa, kuta zimelowa, watu wamelowa, mwezi wa nne Salfa anakaa gofuni karibu muda wote na mimi nahamia huko na kiti, chini ya turubai, nafanyia kazi huko.

Chakula chake napika kwenye sufuria lake, lina alama ya rangi nyekundu kwenye mkono, linaoshwa gofuni na linalala gofuni, watoto wote wa mtaa wanalijua. Dona, vichwa vya samaki nimechemsha na kutoa miba, siku nyingine dagaa. Kuna mama mmoja jirani alianza kuniletea makombo kwenye kifuko, anamwaga kwa mbali bila kugusa kitu, kama mtu anayelisha mamba. Nilimuuliza mbona unajisumbua mama yangu, akaniambia habari ile ya yule mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza kiatu chake maji akampa, Mungu akamsamehe dhambi zake. "Sitaki aniguse," akasema, "lakini thawabu naitaka."

Kuna suala la adhana pia siwezi kuliruka. Salfa adhana ya alfajiri ikianza anainua kichwa analia naye, ndefu, mwanzo mpaka mwisho. Miezi ya kwanza nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Nikaenda kwa muadhini mwenyewe kuomba radhi, mzee wa watu akanitazama akasema, "Huyo angalau anaamka. Wewe na hao jirani zako je?" Nikaondoka na aibu nyingine tofauti na ile niliyokwenda nayo.

Ngoja niongelee chokaa maana huwezi kuikuta kwenye maelekezo yoyote ya kufuga mbwa. Hizi nyumba zikikarabatiwa vizuri hazipigwi saruji, saruji inaziba ukuta, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inakula mawe kwa ndani, baada ya miaka plasta yote inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Zinapigwa chokaa. Matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yakishaiva yanamwagiwa maji, hapo yanachemka yenyewe bila moto, unaona mvuke unapanda, halafu yanaachwa kwenye shimo muda mrefu yapoe yawe laini kama siagi. Nyumba ya tatu kutoka kwangu walikuwa na shimo lao. Mbwa anapenda kulala sehemu yenye ubaridi na uji mweupe ule ulikuwa umeshapoa, Salfa akatoka gofuni kwa dirisha akaenda akajilaza. Fundi alivyomuona alipiga kelele mpaka mimi nikatoka. Shida yenyewe alikuwa anaielewa vizuri yeye, chokaa hata ikiwa imezimwa inaunguza ngozi taratibu na mbwa akianza kujilamba inaunguza ulimi na macho. Tulimshika watu wawili tukammwagia ndoo kwa ndoo, maji mengi sana, fundi anasema ongeza, ongeza, usisugue, mwagia tu. Alibaki na wekundu tumboni na kwenye makwapa, macho yalipona. Yule fundi ni mtu wa swala tano, alilowa mwili mzima na mbwa aliyelowa, akaenda kuoga kwa udongo na kurudi kazini, hakusema neno, ila siku iliyofuata niliikuta milango miwili ya mabati imefunika shimo na mawe juu yake.

Sasa kichaa cha mbwa. Hapa siongei kwa utani. Lindi na Mtwara tuna mbwa wachache ukilinganisha na mikoa mingine, sababu tumeshaziona hapo juu, na kuanzia mwaka 2010 hivi serikali na Shirika la Afya Duniani walichagua huku kusini mashariki kufanya chanjo za mbwa kwa wingi kuonyesha kwamba kichaa kinaweza kutokomezwa. Hesabu yao ni kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa ugonjwa unakosa pa kupita. Huku kwetu wataalamu wakakuta kitu cha ajabu kidogo, wanyama wengi waliokutwa na kichaa mikoa hii walikuwa bweha na sio mbwa tu. Bweha wapo, sisi tumezoea kuwasikia mashambani, hawapangi foleni ya chanjo. Kwahiyo mtu anayekuambia "mtaani kwetu hakuna mbwa wa kuzurura mimi sichanji" hajui anachosema. Mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka. Na mnyama akikung'ata au akikukwaruza, usipake pilipili, usipake majivu, usisubiri kuona, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, ndefu kuliko unavyofikiri, kisha nenda hospitali ukachomwe sindano na uzimalize zote hata kama kidonda kimepona. Dalili zikishaanza karibu kila mtu anakufa, hakuna dawa ya kurudisha.

Cheti cha chanjo cha Salfa nilikiweka kwenye droo. Bibi akakiomba, nikadhani anataka kukisoma, kumbe amekitia kwenye nailoni akakibandika nje kwenye mlango wangu, chini ya ile nakshi ya maua iliyochongwa miaka mia iliyopita. Kikikaribia kuisha tarehe watoto wa shule wanaanza kunikumbusha kabla ya bwana mifugo.

Watalii wakija wanaonyeshwa nyumba yenye kibao cha David Livingstone. Machi 1866 alishuka hapa Mikindani kuanza ile safari yake ya mwisho, ambayo hakurudi mzima. Alikuja na ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, punda, alikuwa anataka kujaribu mnyama yupi anaweza kuhimili mbung'o. Hayo waongozaji wanayasema. Wasichosema ni kwamba kwenye safari hiyo alikuwa na mbwa pia, pudeli, wale wenye manyoya ya kujikunja, jina lake Chitane. Kwenye shajara yake amemsifia kuliko alivyowasifia watu wengi, eti alikuwa anakimbia mbele ya msafara kumuangalia wa kwanza halafu anarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asibaki, na wakifika kijijini akishajua bwana wake analala kibanda gani mbwa mwingine hakaribii. Januari 1867, huko ambako leo ni Zambia, wakavuka bonde la maji lenye upana wa kama maili moja, maji ya kiunoni, Livingstone katangulia na amesahau kuagiza mbwa abebwe. Watu wote walikuwa wanahangaika wasianguke. Chitane akaogelea katikati yao mpaka akazama. Siku chache baadaye sanduku la dawa likaibwa na watoro, na Livingstone mwenyewe aliandika kwamba hapo ni kama amehukumiwa kifo. Mimi kila nikipita pale kwenye kibao na Salfa nawasimulia watalii hii habari kwa Kiingereza changu cha Masasi, na nawaambia wazi, mimi sina mahaba sana na huyo mzee, ila mbwa wake namuelewa.

Bado kuna watu mtaani hawanisalimii nikiwa naye, wananisalimia nikiwa peke yangu, na tumeshazoeana hivyo. Kuna mtoto mmoja anapita kwa kuzunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya gofu. Sijaenda kumbembeleza wala kumuonyesha kwamba mbwa ni mpole, kwa nini ampende? Ninachofanya ni kumfunga Salfa muda wa madrasa, basi.

Kwa sasa tuna kesi mpya. Wiki iliyopita walikuja watu wawili na futi kamba wanapima gofu, inaonekana wale ndugu hatimaye wamekubaliana, wanataka kuuza, mnunuzi anataka kujenga gesti. Nimefurahi kwa sababu kuta zitapona, na nimeingia baridi kwa sababu unajua. Nikampigia yule dada wa Tanga, akasema mpaka mirathi isainiwe na wale wa Oman ni habari ya mwakani, nisihangaike. Ila mtaani wameshaanza kikao bila mimi. Muuza pweza anasema kule nyuma ya mbuyu kuna gofu lingine dogo, bibi anasema lile lina nyuki, fundi chokaa anasema nyuki wanaondoka na moshi, na mama wa makombo anauliza mbona huko ni mbali, yeye na miguu yake hii atafikaje.

Bibi kanipa tena namba ya simu. Hii ni ya Pemba. Nimepiga mara mbili haipokelewi.